TUPIGE MWANO KWA AJILI YA MTOTO HUYU

Katika nchi ya Wasukuma na Wasumbwa, ng'ombe akiibwa usiku mwenye mali haoni haya kukiamsha kijiji kizima. Hupiga mwano, yaani yowe la hatari. Jirani huliitikia, na jirani wa jirani hulipeleka mbele, na kabla jua halijachomoza nyayo za ng'ombe huwa zimekwisha kufuatwa hadi kijiji cha pili na cha tatu. Hakuna aulizaye kwanza kama mwenye ng'ombe alikuwa mzembe wa kufunga zizi. Swali hilo, kama lina maana, huulizwa baadaye.

Leo tunataka kuuliza swali moja. Mtoto wa miaka sita asiyejua kusema, asiyeitika jina lake, asiyetambua hatari ya lori wala ya maji, akitoka nyumbani alfajiri bila kuonekana, nani humpigia mwano? Na ukipigwa, nani huuitikia?

Tunauliza swali hilo tukiitazama Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe. Hadi mwaka 2012 wilaya hiyo ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Tangu hapo imo katika Mkoa wa Geita. Barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kuelekea mpaka wa Rwanda hupita katikati yake, na malori hayana usiku wala mchana. Wananchi hulima mahindi, pamba na tumbaku, na kama ilivyo katika ukanda wote huo, vijana wengi huyafuata machimbo ya dhahabu kila yanapogunduliwa. Ni mahali pa kazi nyingi na utulivu mchache.

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba atasema: sisi na Ushirombo wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba hali tunayoizungumzia haichagui bara wala kisiwa, na kwamba baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu ni watumishi wa Serikali wenye dhamana ya kutenda. Tena yako mambo ambayo Ushirombo inaweza kujifunza kwetu, na yako ambayo sisi tunapaswa kujifunza kwake.

Kwanza yafaa ieleweke usonji ni nini. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si wazimu. Ni namna tofauti ya ukuaji wa ubongo, inayoanza kabla mtoto hajazaliwa na kudumu maisha yote. Mtoto huweza kuchelewa kusema, au asiseme kabisa. Huenda asikutazame machoni, asikunyooshee kidole kitu anachokipenda, arudie jambo lile lile kutwa nzima, asumbuliwe na kelele au mguso ambao wewe huuhisi kuwa si kitu. Wapo wanaohitaji kusaidiwa katika kila jambo, na wapo wanaosoma hadi Chuo Kikuu. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani alieleza habari za watoto 11 wa namna hiyo, na tangu hapo elimu ya jambo hili imekua. Wako waliodhani kuwa ni hali ya Wazungu. Lakini katika miaka ya 1970 mtafiti Victor Lotter alizunguka miji ya nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo, akawakuta watoto hao huku kwetu pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Kama kadirio hilo linashika hata hapa kwetu, basi kijiji cha watu 2,500 kina watu wapatao 20 wa namna hiyo. Wako wapi? Mbona hatuwaoni?

Hatuwaoni kwa sababu tumewafundisha mama zao kuwaficha.

Mganga wa ramli akiletewa mtoto asiyesema, aghalabu hutafuta mtu wa kulaumiwa: bibi mzaa baba, mke mwenza, mizimu iliyosahauliwa. Kwetu visiwani husemwa ni jini, au mtoto amebadilishwa. Tusidhani kuwa ujinga huu ni wa vijijini peke yake. Katika miaka ya 1950 na 1960 mabingwa wa Ulaya na Marekani, wenye shahada na majoho, walitangaza kuwa usonji huletwa na mama asiyempenda mwanawe. Ilimlazimu Bernard Rimland, msomi ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, kuandika kitabu mwaka 1964 kuubomoa uzushi huo. Hao nao walikuwa na mchawi wao, na mchawi huyo alikuwa mama. Baadaye ukaja uzushi mwingine, wa mwaka 1998, uliotoka Uingereza, kwamba usonji huletwa na chanjo ya surua. Jarida la kitabibu lililouchapisha liliufuta mwaka 2010, lakini maneno yake yangali yakitembea, na mtoto anayenyimwa chanjo kwa ajili yake huweza kufa kwa surua. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya chanzo imo katika urithi wa damu. Mama hana kosa. Bibi hana kosa. Sindano haina kosa.

Sasa tuyatazame maisha ya kila siku. Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Ushirombo, ambaye hatumtaji jina kwa kuwa ni wengi. Mumewe yuko machimboni. Akisikia dhahabu imetoka mahali pengine huhamia huko, na fedha huja siku zinapokuja. Mtoto huamka saa tisa ya usiku na halali tena. Karasha la kusagia mawe likianza kunguruma ng'ambo ya barabara, huziba masikio na kujipigiza kichwa ukutani. Hula ugali mkavu tu. Mboga ikiugusa ugali hakili chakula hicho. Mama hawezi kumpeleka gulioni kwa sababu ya kelele, wala shambani kwa sababu hukimbia, wala kumwacha kwa jirani kwa sababu jirani anaogopa. Wakipanda basi, mtoto akapiga makelele, kondakta humwambia mama kuwa amemdekeza. Abiria mwenye hekima zake huongeza: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Methali hiyo ni nzuri, lakini katika kinywa hicho ni jiwe. Mama huyo amemlea mwanawe usiku na mchana kuliko abiria wote wa basi lile walivyolea wana wao. Mwingine humshauri amkunje samaki angali mbichi, yaani ampige. Kipigo hakimfundishi mtoto ambaye hakuelewa amri. Humfundisha kuogopa tu, na wakati mwingine humfundisha kujiumiza mwenyewe.

Ndipo tunapoifikia habari ya kamba. Si siri kwa yeyote anayetembea vijijini, bara na visiwani, kwamba wako watoto wanaofungwa mguu kwenye nguzo au kufungiwa chumbani mchana kutwa. Tunasema bila kusita kuwa kufanya hivyo ni kumvunjia mtoto utu wake. Lakini kabla kiongozi hajaenda kumkamata mama huyo, na ajiulize mama angefanya nini. Ana jembe moja, watoto wengine watatu, msimu wa mvua usiomngoja mtu, na nje ya ua kuna barabara ya malori. Aliyemfunga mtoto yule ni mama yake kwa mkono, lakini kamba tumeisokota sote.

Na hatari anayoiogopa ni ya kweli. Watoto wengi wenye usonji hutangatanga, na wengi huvutwa na maji. Katika nchi zenye kumbukumbu nzuri, kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto hao. Basi tufikirie mahali ambapo wachimbaji wadogo wameacha maduara wazi, nayo yamejaa maji ya mvua, hayana ua wala alama. Kwetu visiwani lipo pwani na viko visima visivyofunikwa. Mtoto mwenye kusema huonywa akasikia. Mtoto huyu hulindwa na macho ya watu, na macho mawili ya mama hayatoshi.

Hapa ndipo tunapoirudia nchi ile ya mwano. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Wilaya ya Kahama, ambayo wakati huo Ushirombo ilikuwa sehemu yake, na katika wilaya za jirani, wananchi walichoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi, wakaunda sungusungu. Hawakungoja gari wala redio za upepo kutoka makao makuu. Walitumia filimbi, mwano, na ahadi waliyowekeana kuwa msiba wa mmoja ni wa wote. Yafaa pia tuseme kuwa kazi yao haikukosa dosari. Kuna mahali wazee wa kike walionewa kwa tuhuma za uchawi, na kiapo cha kulinda watu kikageuka fimbo ya kuwapigia. Nguvu ya umoja ikikosa elimu huweza kumdhulumu mnyonge yule yule aliyepaswa kulindwa.

Ukanda huo una jeraha jingine lililo karibu zaidi. Kuanzia mwaka 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yaliitia nchi yetu aibu, na mikoa ya Kanda ya Ziwa ndiyo iliyoumia zaidi. Watoto wengi walikusanywa katika vituo na shule za bweni, mathalani Buhangija mjini Shinyanga na Mitindo wilayani Misungwi, ili wasiuawe. Kwa saa ile ilikuwa lazima, na waliopokea watoto hao walifanya kazi ya kishujaa. Lakini wako watoto waliokua bila kuwajua wazazi wao, na wazazi waliozoea kuishi bila watoto wao. Fundisho ni kwamba ukuta huokoa roho lakini haumpi mtoto kwao. Kwa watoto wenye usonji tusianze kwa kuwaza ukuta. Tuanze kwa kuwaza mtaa.

Tunajua upo ubishi: kumtangaza mtoto wa namna hii mahali ambapo ramli zina nguvu si kumwanika kwa watu wabaya? Ubishi huo una haki. Lakini mtoto aliyefichwa ndiye anayeweza kudhuriwa bila mtu kujua. Mtoto anayejulikana kwa jina na nyumba nzima kumi, ambaye mwenyekiti wa kitongoji amekwisha kunywa uji kwao, huyo si rahisi kupotea kimya kimya.

Basi jirani anaweza nini? Anaweza mengi, na hayahitaji bajeti. Anaweza kulijua jina la mtoto na kulifundisha kwa wanawe. Anaweza kumkalia mama saa mbili mara mbili kwa juma ili naye alale au apalilie. Balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa kitongoji wanaweza kupatana na sungusungu kuwa mtoto huyu akipotea mwano upigwe mara moja, na kwamba watu wa kwanza waelekee kwenye maji na wa pili barabarani. Mwenye duara anaweza kulifukia, kama anavyowajibika, au walau kulizungushia miba. Mwenye karasha anaweza kumwambia mama saa za kuanza na kumaliza kusaga. Katekista na imamu wanaweza kuchukua dakika kumi siku ya ibada kueleza kuwa mtoto huyu si laana. Kondakta wa basi anaweza kunyamaza.

Lakini tusidanganyane. Wema wa jirani haumfundishi mtoto kusoma, wala haujui dalili za kifafa, ambacho huwapata wengi wa watoto hawa. Yako mambo ambayo ni ya Serikali, na tunayataja ili wenye dhamana wasijifiche nyuma ya maneno ya kwamba jamii ishirikishwe.

Sheria tunazo. Ibara ya 11 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inataka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya elimu, na haki ya msaada kwa mtu aliye katika hali ya ulemavu. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2010 Bunge lilitunga sheria ya watu wenye ulemavu, na chini yake kamati zinapaswa kuwapo hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Tunamwuliza kila mkurugenzi wa halmashauri: kamati hizo zilikutana lini mara ya mwisho, na zinawajua watoto wangapi wasiosema? Kamati iliyomo ndani ya jalada haimwoni mtoto aliyemo ndani ya chumba.

Kliniki tunazo. Mama hupeleka mtoto kupimwa uzito na kuchanjwa, na karibu kila mama hufanya hivyo. Mwuguzi akimwuliza maswali mawili matatu mtoto atimizapo mwaka mmoja na nusu, kama huitika jina, kama hunyoosha kidole, kama huiga, dalili zitaonekana mapema, wakati ambapo msaada una faida kubwa. Leo mama akiambiwa atafute daktari bingwa, ataelekezwa Bugando, Mwanza. Safari hiyo hupita Katoro na Geita na kuvuka ghuba kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025. Daraja limefupisha safari ya gari. Halijafupisha foleni, nauli, wala usiku wa kulala kwenye benchi na mtoto asiyevumilia kelele.

Ndiyo maana tunasema msaada ushuke hadi kijijini. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi wa watoto wa namna hii, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na yanaweza kuendeshwa na watu wasio madaktari waliofundishwa na kusimamiwa vizuri. Mzazi hufundishwa jinsi ya kucheza na mtoto, kuelewa anachokitaka hata bila maneno, kuzuia ghadhabu kabla haijawaka, na kujitunza yeye mwenyewe. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Hapo ndipo mahali pake. Bukombe ingefaa kuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo.

Shule nazo tunazo, na tangu mwaka 2016 elimu ya msingi haina ada. Lakini darasa lenye watoto mia moja na mwalimu mmoja halina ada wala nafasi ya mtoto huyu. Nairobi, mwaka 2003, kitengo cha watoto wenye usonji kilifunguliwa katika City Primary School, shule ya kawaida ya Serikali, kwa juhudi za wazazi. Dar es Salaam, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto imekuwa na kitengo chake. Kwa hiyo jambo hili halihitaji jumba jipya. Lahitaji chumba kimoja kitulivu, watoto wachache, na mwalimu aliyesomea elimu maalumu katika chuo kama Patandi, mkoani Arusha. Na mwalimu huyo akifika Ushirombo asihamishwe baada ya mwaka mmoja kwenda kufundisha darasa la kawaida kwingine. Mtoto ambaye amechukua miezi minane kuuzoea uso wa mwalimu hawezi kuanza upya kila Januari.

Tena iko ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, ambayo fungu lake moja ni la watu wenye ulemavu. Mtoto wa miaka saba hawezi kufuga kuku wala kuunda kikundi. Anayebeba gharama ya ulemavu ule ni mama. Tunaomba maofisa wa maendeleo ya jamii wampe mama huyo mahali katika fungu hilo, wala wasimrudishe mlangoni kwa kuwa yeye mwenyewe ana miguu miwili.

Sasa tugeuke kwetu visiwani. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar uliundwa mwaka 1985, na wanachama wake waliifuata kazi hadi vijijini, nyumba kwa nyumba. Baadaye wazazi na watu wenye ulemavu wa akili wakawa na jumuiya yao, na tangu miaka ya 2000 skuli zetu zimekuwa zikijaribu elimu mjumuisho. Mfano huu tunaweza kuupeleka Ushirombo bila kuona haya: wazazi wakikutana, aibu hugawanyika, na jambo lililogawanyika hubebeka. Lakini tusijisifu kupita kiasi. Bado ziko shehia ambamo sheha anamjua kila mwenye deni la umeme na hamjui mtoto aliyefungiwa uani. Bado mtoto hurudishwa kutoka chuoni kwa kuwa hakai kitako wala haitiki sauti ya mwalimu. Na sisi hatuna mwano. Tunayo heshima ya kutoingilia nyumba ya mtu, nayo ni tabia njema, ila kwa jambo hili imekuwa pazia.

Kila tarehe 2 Aprili, tangu mwaka 2008, dunia huadhimisha siku ya usonji. Hotuba husomwa, fulana hugawiwa. Hatuzichukii fulana. Tunasema tu kwamba tarehe 3 Aprili mtoto huamka saa tisa ya usiku kama kawaida yake, na aliye macho pamoja naye ni mama yake peke yake.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Hawakusema mwana mwenye kusema, wala mwana mwenye kukaa kitako. Kiongozi anayesoma maneno haya, wa Bukombe au wa Micheweni, na afanye jambo moja kabla ya juma hili kwisha: aende katika mtaa wake, aulize ni nyumba ipi yenye mtoto asiyeonekana, abishe hodi kwa heshima, akae, amsikilize mama. Asiende na askari wala na kamera. Akitoka, awe anajua jina la mtoto. Siku mtoto atakapopotea, jina hilo ndilo litakaloitwa, na ni lazima wawepo watu wa kuliita.